Wauza majiko ya gesi, acheni kutufungia regyuleta za mama ntilie kwenye majiko ya kioo!

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Leo sina utani.

Hivi nani aliwadanganya wauza majiko kwamba regyuleta, kile kifaa cha mtungini kinachopunguza presha ya gesi, ni regyuleta tu, ilimradi inashika kwenye mtungi? Mtu anatoka Kariakoo na jiko lake la kioo la pleti mbili, jipya, lipo kwenye boksi. Muuzaji anamwongezea regyuleta yenye kile kitasa cha kuzungusha, mpira mita mbili na klipu mbili, halafu anamsifia: "Hii ndiyo yenye moto mkali, bosi." Wiki haijaisha, sufuria nyeusi tii, jikoni kunanuka gesi hata jiko likiwa limezimwa, na fundi akiitwa anasema jiko ni feki. Jiko si feki! Mmemfungia mtu kifaa cha jiko la kukaangia chipsi.

Someni wenyewe. Lipindueni jiko, tazameni kibandiko karibu na pale mpira unapoingia. Majiko mengi ya kioo yanayotoka China yameandikwa LPG (yaani gesi ya mtungi) 2800 Pa (paskali). Hiyo ndiyo presha ambayo jiko limetengenezewa, sawasawa na milibaa 28. Sasa shikeni regyuleta sahihi, ile isiyo na cha kurekebisha presha, ina kufungua na kufunga basi: imegongwa 28 au 30 mbar. Hapo vinaoana. Ile ya kitasa cha kuzungusha utakuta imegongwa 0–2 bar. Baa 2 ni milibaa 2,000. Ukiifungua mpaka mwisho unalipelekea jiko presha mara 70 na ushee ya ile linayoiweza.

Kinachotokea baada ya hapo hakihitaji uganga. Kila kitasa cha jiko kina vali, na ndani ya vali kuna koni ya shaba iliyopakwa grisi. Grisi hiyo ndiyo inayoziba gesi isipenye, na imewekwa kwa presha ndogo. Ukiisukumia presha kubwa inahama, gesi inapita pembeni ya koni, na ndiyo harufu mnayolalamikia kila asubuhi. Upande wa moto nako ni balaa: gesi inakuwa nyingi kuliko bana, pale moto unapowakia, inavyoweza kuichanganya na hewa. Moto unaruka, unavuma, ncha zinakuwa njano. Ule unjano ni kaboni ambayo haijaungua, na kinachobaki kwenye kitako cha sufuria kinaitwa masizi. Umelipia gesi, umepata masizi.

Na msije hapa na ile hoja ya "si unafungua kidogo tu". Kitasa kile cha regyuleta hakina alama ya kukuonyesha milibaa 28 iko wapi. Unakisia. Presha ya ndani ya mtungi nayo hupanda na kushuka kwa joto, na mtoto akipita akakizungusha je?

Lile jiko dogo, kichwa kinachofungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6, ni habari nyingine. Halina regyuleta na halihitaji, kwa sababu nozeli yake, kile kichuma kinachopulizia gesi kwenye bana, ina tundu dogo sana, imepigiwa hesabu ya presha ya mtungi. Kwa hiyo lisitumike kama ushahidi kwamba jiko la kioo nalo linaweza kuishi bila regyuleta ya maana.

Sasa tuje kwa mafundi, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Moto wa njano, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, unaanza na regyuleta. Ikiwa sahihi, unatoa kifuniko cha bana, kile cha shaba au aluminiamu chenye vitundu. Maziwa yakifurika au uji ukimwagika, vitundu vinaziba. Kiloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, zibua kwa kijiti cha meno, kikauke KABISA ndipo ukirudishe. Kikae kwenye mifereji yake bila kuinama. Kikikaa upande, moto unarudi chini kwenye shingo ya bana, unasikia "pwaa", na kioo cha juu kinachemshwa kutoka chini. Halafu mnashangaa kioo kimepasuka usiku wakati hakuna anayepika.

Kama bado njano, geuza jiko utazame kwenye shingo ya bana, pale nozeli inapopulizia ndani. Kuna kibati kidogo kinachozunguka, kufunika na kufunua tundu la hewa. Majiko mengi yanatoka kiwandani kibati hicho kikiwa hovyo hovyo. Washa moto mkubwa, kizungushe polepole kufungua. Njano itapungua, utaona ncha ndogo za bluu zilizosimama, zimeshika kwenye vitundu. Ukizidisha hewa, moto unaanza kunyanyuka kutoka kwenye bana na kupiga kelele, rudisha kidogo. Kisha shusha moto hadi mdogo kabisa uhakikishe hauzimiki. Kazi yote dakika tano, na hakuna kipuri cha kununua.

Fundi wetu anafanya nini? Anachukua sindano au kadrili ka milimita moja, anatanua nozeli "gesi ipite vizuri". Tanua nozeli ya milimita 0.85 ifike 0.95 uone hesabu inavyokwenda: eneo la tundu linakua kwa karibu robo, kwa hiyo gesi inaongezeka karibu robo, lakini hewa inayovutwa haiongezeki kwa kiasi hicho. Moto unakuwa mrefu, mteja anafurahi siku hiyo, fundi anaondoka na hela yake. Baada ya hapo ni masizi ya milele, kwa sababu nozeli iliyotanuliwa hairudi. Ni kununua nyingine yenye namba ileile iliyogongwa ubavuni mwake. Mafundi, nozeli iliyoziba inatolewa kwa spana, inalowekwa kwenye spiriti, inapulizwa. Haichokonolewi kwa chuma!

(Ukimwaga chumvi jikoni moto ukawa rangi ya chungwa kwa muda, hiyo si kasoro, ni chumvi. Kipimo ni kitako cha sufuria.)

Na wateja nasi tuache kununua kwa maneno ya "moto mkali". Bana ya kilowati 3 ikiwaka mpaka mwisho inakula kama gramu 230 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 unakupa takriban saa 25 za moto mkubwa. Maharage yakishachemka hayaivi haraka zaidi kwa sababu moto unalamba masikio ya sufuria. Maji yanayochemka yana joto lilelile. Roweka usiku, chemsha, shusha moto, funika. Sufuria pana la shughuli nalo lisiwekwe juu ya jiko la kioo, linarudisha joto chini na kioo hakikutengenezewa hilo.

Wauzaji mlioko humu, jibuni: kwa nini regyuleta ya milibaa 30 haipo dukani lakini ya presha kubwa imejaa rafu nzima?

#2

Mkuu umemaliza, ila umewasahau wa mipira. Wanauza ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, wa kumwagilia bustani, eti "unaingia vizuri". Unaingia ndiyo. Baada ya miezi kadhaa gesi na joto vinaukausha, unakuwa mgumu kama kijiti, unapasuka pale pale kwenye klipu ambapo huoni. Mpira wa gesi una maandishi mwilini mwake: neno LPG, kiwango cha ubora na mwaka uliotengenezwa. Hauna maandishi, usinunue hata ukipewa na nyongeza. Mita moja na nusu inatosha, usipite nyuma ya jiko wala chini ya bana, na ukunje uone: ukitoa nyufa ndogo ndogo, tupa.

Klipu ikazwe kwa bisibisi mpaka mpira usizunguke kwa mkono, lakini isiukate. Halafu povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu, siyo kiberiti! Nimeona wauza gesi wanapima mtungi kwa kuwasha kiberiti mbele ya duka lenye mitungi thelathini. Hawa watu wana roho ngapi?

#3

Naongezea la mizani, maana ndiko tunakopigwa zaidi. EWURA (wale wadhibiti wa nishati na maji) na Wakala wa Vipimo wanasema kila mara mteja apimiwe, lakini ukifika dukani mizani "imeharibika jana". Kwenye kola ya mtungi kuna herufi TW na namba, huo ni uzito wa mtungi mtupu. Ikiwa TW 7.4, mtungi wa kilo 6 uliojaa lazima usome 13.4. Ukisoma 12.6, gramu 800 zimebaki kwa mwenye duka. Kwa hesabu ya mwanzisha uzi, hizo ni zaidi ya saa tatu za moto mkubwa.

Upime na ule wa zamani kabla hujaurudisha. Mtungi mdogo ukipikia moto mkubwa muda mrefu unapoa, unatoa jasho, presha inashuka na moto unakuwa mdogo. Watu wanadhani gesi imeisha, wanapeleka kubadilisha ikiwa na nusu kilo ndani, na hakuna duka linalokurudishia hiyo. Uache upumzike, upime, ndipo uamue.

#4

Wakuu, sisi tunaulaza mtungi ukikaribia kuisha, au tunautikisa, na moto unarudi. Kuna ubaya gani? Mbona kila nyumba wanafanya?

#1

Mkuu #4, ndugu yangu, tafadhali acha leo hii. Ndani ya mtungi kuna kimiminika chini na mvuke juu. Ukiwa umesimama, mvuke ndio unaotoka. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye regyuleta na mpira, na kimiminika hicho kikigeuka gesi kinatanuka mara 250 hivi. Moto unaweza kupanda mpaka darini. Pia kinabeba mabaki ya mafuta ya chini ya mtungi, yanaharibu mpira wa ndani ya regyuleta, kisha regyuleta inashindwa kushika presha na tunarudi kulekule kwenye masizi. Moto unaorudi ukitikisa ni wa dakika chache, haulipi.

Na kwa wote: ukisikia harufu, funga mtungi kwanza. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni, kwa hiyo fungua mlango na usiridhike na dirisha la juu pekee. Usiwashe wala KUZIMA swichi yoyote, feni ikiwemo.

#5

Mkuu, nimetazama yangu sasa hivi, imeandikwa 0–2 bar na jiko ni 2800 Pa. Nikienda kununua ya milibaa 30 nitajuaje kama inaingia kwenye mtungi wangu? Mitungi haifanani vichwa.

#1

Nenda na picha ya kichwa cha mtungi iliyopigwa kwa juu, na ya ubavuni. Bora zaidi beba regyuleta ya zamani, maana vichwa vya kubana vinatofautiana kwa milimita, na kipimo mara nyingi kimegongwa kwenye mwili. Mwambie muuzaji akufungie kwenye mtungi wa aina yako palepale dukani. Ikikaa sawa inalia "tak", na ukiivuta juu haitoki. Ikilazimishwa kwa nyundo au kwa kuzungushiwa utepe mweupe, irudishe. Na kabla ya kufunga ya kwako, chungulia kwenye mdomo wa vali ya mtungi: kuna mpira mdogo mweusi wa duara. Ukiwa umekatika, au ukikuta mtu ameweka kipande cha tyubu ya baiskeli, usifunge chochote. Tyubu inavimba ikikutana na gesi hii, na hapo utakuwa umebadilisha regyuleta huku gesi inatokea juu yake.

Ukishafunga leta picha ya moto humu tuone rangi.