Mimba ya kwanza, niko kisiwani Kome: uchungu ukianza nivuke saa ngapi?

MamaMtarajiwa:
Habari za jioni wapendwa. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 37. Naishi Kome, mume wangu ananunua dagaa mwaloni na mara nyingi yuko safarini. Nesi wa kliniki ameniambia nikajifungulie Sengerema kwa sababu ni mzao wa kwanza na kimo changu ni kifupi. Mama mkwe anasema uchungu wa mimba ya kwanza ni wa kutwa kucha, nisiwe na haraka ya kuvuka. Ameshaniletea na mizizi ya kuchemsha ili ukianza uende upesi. Tangu jana tumbo linakaza na kuachia, hasa usiku. Nitajuaje kuwa ndio wenyewe? Na ukianza nina muda gani?

Mkunga wa Ziwani:
Mdogo wangu, hongera kwa kufika wiki ya 37. Mimi ni mkunga, kazi yangu ni leba huku huku kanda ya ziwa.

Hiyo mizizi usiinywe. Naanza nayo kwa sababu nimempokea mama aliyekunywa: naweka mkono tumboni nasubiri lilegee, halilegei, na mapigo ya mtoto yanazidi kushuka. Mtoto hupata hewa vizuri kizazi kinapoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine. Dawa ikikibana mfululizo, mtoto anachoka. Na kama njia haijafunguka, au nyonga ni nyembamba mtoto hapiti, kizazi kinaweza kuchanika. Hata hospitali dripu ya uchungu tunaihesabu tone kwa tone, sembuse sufuria ambayo hakuna anayejua nguvu yake! Mama mkwe anakupenda, mwambie kwa heshima kuwa nesi amekataza.

Kukaza kwa jana, shika simu uangalie saa. Kama kunakuja ovyo ovyo, na ukitembea au ukioga maji ya vuguvugu kunatulia, bado. Ule wenyewe huanzia kiunoni ukaja mbele, unazidi kukaribiana na kuuma, na mara nyingi unaona ute mzito wenye damu kidogo.

Hatua ya kwanza, ya njia kufunguka, ndiyo ndefu. Mpaka sentimita 5 mtu anaweza kukaa saa nyingi, hata zaidi ya siku, huku anakula na kuongea. Kuanzia 5 hadi 10 inashika kasi, na kwa mzao wa kwanza kwa kawaida haizidi saa 12. Kisha kusukuma, ambako kwa mzao wa kwanza kwa kawaida huisha ndani ya saa 3. Usisukume kabla hujaambiwa njia imefunguka yote.

Sasa hatua ambayo nyumbani haizungumzwi: kondo la nyuma. Mtoto ameshalia, watu wanapiga vigelegele, kumbe ndipo mama anapoweza kuvuja damu nyingi. Mtoto akitoka tunakuchoma sindano ya oksitosini pajani ili kizazi kikaze. Kondo likipita dakika 30 halijatoka, tunalishughulikia. Baada ya hapo tunakuangalia kwa karibu saa 2 za mwanzo, tunakandakanda tumbo na kutazama pedi.

Kwa hiyo mama mkwe hajakosea kuhusu urefu, ila hesabu yake ni ya mtu ambaye barabara iko mlangoni kwake. Wewe vuka wiki hii, kabla ya uchungu.

Ng'wana Sengerema:
Dada, msikilize mkunga. Zamani sisi wa Sengerema ukipewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, unakwenda kusubiri kivuko Busisi na uchungu wako. Tangu daraja la JPM lifunguliwe hapo Juni 2025, gari linapita moja kwa moja. Lakini wewe kutoka Kome mpaka Nyakaliro, huku nchi kavu, bado ni maji, na ziwa likichafuka usiku nani atakuvusha? Tafuta ndugu au chumba cha kupanga mjini hapa. Beba kadi ya kliniki, vitenge vya kutosha, nguo za mtoto na beseni. Pesa ya gari iweke pembeni, mume asiiingize kwenye dagaa.

MamaMtarajiwa:
Asanteni sana. Nina shangazi Sengerema, navuka keshokutwa. Dada mkunga, chupa ikipasuka kabla ya uchungu? Na nikiwa na uchungu naruhusiwa kula?

Mkunga wa Ziwani:
Chupa ikipasuka nenda hospitali hata kama huna maumivu, vaa pedi safi na uangalie rangi. Maji yakiwa ya kijani, sema mara tu ufikapo mapokezi. Nenda bila kusubiri pia ukiona damu mbichi inatoka, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au mtoto amepunguza kucheza. Kula ruhusa, labda daktari akukataze. Uji na chai ya maziwa vinakaa vizuri tumboni, shangazi abebe chupa ya chai. Na kojoa mara kwa mara, kibofu kikijaa kinamzuia mtoto kushuka.