Ampli ya lampu: mstari wa mzigo umeme unaposhuka

Swali, kutoka Kadutu, Bukavu

Wakubwa zangu, shikamooni. Ninaunda ampli ya gitaa kwa ajili ya kwaya yetu, na hatua yake ya kwanza ni lampu ya ECC83, lampu ya elektroni na si ya mwanga: kathodi hutoa elektroni, anodi huzipokea, na gridi iliyo katikati huzidhibiti. Kwenye mikunjo ya anodi (grafu ya mkondo wa lampu kwa kila volti ya anodi, mkunjo mmoja kwa kila volti ya gridi) nimechora mstari wa mzigo, unaoonyesha volti na mkondo ambavyo rezistansi ya anodi inaruhusu, kutoka volti 300 hadi miliampia 3, kwa kuwa rezistansi hiyo ni kiloomu 100. Unakutana na mkunjo wa gridi wa volti −1.5 karibu na miliampia 1, ndiyo maana kathodi nimeiwekea rezistansi ya kiloomu 1.5. Lakini jioni umeme wa mtaani hushuka, na zile volti 300 hubaki 250. Je, hesabu yote irudiwe?

Jibu, kutoka Lubumbashi

Kijana wangu, mchoro wako ni sahihi. Mwinamo wa mstari hutokana na rezistansi peke yake, nawe hukuibadilisha. Kwa hiyo umeme ukishuka, mstari husogea kushoto sambamba na ule wa kwanza, kutoka volti 250 hadi miliampia 2.5. Rezistansi ya kathodi nayo hujirekebisha: mkondo ukipungua, volti zake hupungua, gridi haiwi tena hasi kiasi kile, na lampu hutulia kwenye miliampia 0.85 hivi. Kwa ishara ndogo ya gitaa nafasi bado ni ya kutosha.

Ambacho hukukichora ni mstari wa pili. Ikiwa gridi ya hatua inayofuata ina rezistansi ya kiloomu 470, sauti huiona sambamba na ile ya anodi, yaani kiloomu 82 kwa jumla. Pitisha mstari huo, ulio mkali zaidi, katika nukta ileile ya utulivu (pale lampu inapotulia bila sauti kupita), kisha usome ukuzaji juu yake. Ukisoma kwenye ule wa kwanza utajipa matumaini yasiyokuwepo.

Jibu, kutoka Goma

Naafiki maelezo ya mzee, ila mimi ningeanzia kwenye filamenti, waya unaoipasha kathodi moto. Mikunjo hiyo ilipimwa filamenti ikiwa na volti 6.3 kamili. Umeme ukipungua kwa sehemu moja ya sita, kama ulivyoeleza, filamenti hubaki na volti 5.25, wakati upungufu unaovumilika ni asilimia 10 tu. Kathodi hupoa, elektroni hupungua, na karatasi uliyochorea haielezi tena lampu iliyo mbele yako. Lishe pini ya 4 na ya 5 (ncha mbili za filamenti) kwa volti 12.6 za mkondo mnyoofu (DC) zilizopitia regileta, kifaa kinachozuia volti zisibadilike, ukiacha pini ya 9, iliyo katikati ya filamenti, wazi. Lampu hiyo itahitaji miliampia 150 tu. Transfoma iwe na waya wa volti 15, ili hata umeme ukishuka regileta ibaki na akiba. Halafu pima anodi saa za jioni, na kabla ya kugusa chochote ndani, zima umeme na uhakikishe kondensa zimemaliza chaji.