Mashairi yamejaa daftarini, kuyasoma mbele za watu ndiyo shida

Daftari la Nyalenda:
Wapenzi wa ushairi, hamjambo? Naandika tarbia, yaani beti za mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16, vina (silabi zinazofanana) vya kati na vya mwisho vimekaa. Kuna kikao cha usomaji hapa Kisumu mwisho wa mwezi na jina langu limeshaandikwa. Hofu yangu ni matamshi. Lugha yangu ya mama ni Dholuo, na sitaki watu waanze kucheka kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Mikono nayo hutetemeka. Nisome mashairi mangapi, na nijiandae vipi?

Mwalimu wa Arudhi, Kakamega:
Soma shairi moja, beti tano au sita. Ubeti wa tarbia una mizani 64. Ukisoma bila pupa, ukapumua mwisho wa kila mshororo, ni sekunde 20 hadi 25. Beti sita basi hazifiki dakika tatu, na pumzi ya mgeni wa jukwaani huhimili kiasi hicho. Anayeleta mashairi manne huanza kukimbiza maneno kwenye la pili.

Kuhusu matamshi: Dholuo haina sh wala z, ndiyo maana "shamba" hutoka "samba", na "zawadi" ikawa "sawadi". Lakini th na dh unazo tangu utotoni, na hizo huwatatiza Wakenya wengi wasemao "zahabu". Chukua penseli, zungushia kila sh na kila z katika shairi lako. Hatari iko pale zinaposongamana na kubadilishana, kama hapa:

*Shida zote za shambani, shangazi alizishinda*

Mshororo wa namna hiyo usome kipande kwa kipande, kwa sauti, mpaka ulimi uzoee. Ulimi ukikataa, badilisha neno. Shairi ni lako, na hakuna aibu kulirekebisha lisomeke. Angalia tu hesabu: "alizishinda" ni mizani mitano, kwa hiyo litakaloingia liwe na mitano pia.

Tena nakusihi, usiigize Upwani. Lafudhi ya ziwani haidhuru shairi hata kidogo. Ya kuazima hukuponyoka ubeti wa tatu, na hapo ndipo watu hugeuka kutazamana.

Fundi wa Vyombo, Nakuru:
Karatasi moja nyembamba hukuza mtetemeko, ukumbi mzima ukauona. Ibandike kwenye kadibodi au iweke ndani ya faili ngumu, uandike herufi kubwa, na ubeti usikatwe na ukurasa. Simu sikushauri: skrini huzimika katikati ya mshororo.

Maiki iwe vidole vinne kutoka mdomoni, pembeni kidogo, kwa sababu p na b hupuliza hewa na spika hutoa kishindo. Usifunike kichwa chake kwa kiganja, wala usisimame mbele ya spika. Sauti ya spika ikirudi kwenye maiki ndipo unaposikia ule mlio mkali. Fika mapema, uombe kujaribu mshororo mmoja.

Mama Mtunzi:
Mwanangu, tumia kibwagizo, ule mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti. Kabla hujaanza, kitamke polepole mara mbili, uwaombe wakuitikie kila mwisho wa ubeti. Hadhira iliyopewa kazi haina nafasi ya kucheka, nawe unapata pumziko lako. Kiwe na maneno mepesi, yasiyo na sh wala z.

Wiki hii msomee mtu mmoja kwanza. Usimwulize "ni zuri?" maana atajibu ndiyo. Mwulize ni wapi maana ilimpotea. Akionyesha mahali, hapo ndipo pa kutengeneza.

Daftari la Nyalenda:
Asanteni sana, nimenakili yote. Na mtu akirekodi shairi langu, kisha alisambaze kama lake?

Mwalimu wa Arudhi, Kakamega:
Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, shairi ni mali yako tangu lilipoandikwa, maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kulisajili kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si lazima, ila hukupa ushahidi. Kwa sasa jitumie shairi zima kwa barua pepe kabla ya kikao, tarehe ibaki. Halafu fanya walivyofanya watunzi wa kale: tia jina lako ndani ya ubeti wa mwisho, mahali ambapo kina kinalishika. Anayetaka kulitoa itabidi avunje vina.