Kutazama filamu ya igizo ukiwa bado mazoezini, ni sawa?

Swali: Habari zenu wandugu, niko Kampala, kundi letu tunafanya mazoezi ya igizo la A Raisin in the Sun na mimi nimepewa kumcheza Walter Lee. Filamu yake ya 1961 iko kwa simu yangu lakini dairekta anasema tusiitazame mpaka shoo ziishe, mimi naona itanisaidia, nyie mnasemaje?

Jibu: Msikilize dairekta kaka. Sidney Poitier, yule wa kwenye filamu, alimcheza huyo Walter jukwaani Broadway kule New York 1959 kabla ya filamu, yaani unamuona mtu ameshamzoea mpaka kwenye mifupa, ukimtazama sasa hivi sauti yake itakuganda kichwani na kila mstari utautamka kama yeye.

Jibu: Banange, mimi sikubali! Tazama, ila sio sini zako. Muangalie Ruby Dee akiwa Ruth, mke wa Walter, vile anasikiliza tu bila kusema kitu, hapo ndo utajua mkeo anakupokeaje. Halafu kamera inatoka mpaka baa, wakati igizo lote liko ndani ya kale kanyumba ka Chicago, na huko kubanana ndiko kunamfanya Walter alipuke, sasa kwa jukwaa kubwa kama la National Theatre inabidi uonyeshe huko kubanana kwa mwili wako maana hakuna kamera ya kukusogelea usoni.

Jibu: Shika mistari yote kwanza, skripti ikitoka mkononi ndo uongee na dairekta tena.

Muulizaji: Asante dada, hiyo ya Ruth sikuwa nimeifikiria, kesho namuuliza dairekta.