Mnaoicheka "Trans" ya Neil Young: hayo maneno si yenu, ni ya kampuni iliyomshitaki

Wakuu, salaam. Nimevumilia tangu juzi usiku, nimeshindwa. Leo natoa povu, na sitaomba radhi kwa yeyote.

Tuna kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa roki ya zamani, wengi wetu tumo humu pia. Juzi mdau mmoja akaweka jalada la Trans, albamu ya Neil Young, mwanamuziki wa roki wa Kanada, iliyotoka Desemba 1982, ile aliyoimba kwa sauti ya mashine, akaandika chini yake: "Siku mzee alipochanganyikiwa." Kundi likachangamka. Mwingine akajirekodi amejibana pua anaiga roboti, akaituma. Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Halafu akaja kaka mmoja ninayemheshimu sana, mwenye santuri nyingi kuliko sisi wote tukijumlishwa, akafunga mjadala: "Huyu si Neil Young. Neil Young ni Harvest," yaani ile albamu yake maarufu ya 1972.

Hapo ndipo damu iliponichemka, kwa sababu sentensi hiyo ina mwenyewe. Mwaka 1983 kampuni yake ya kurekodi, Geffen, ilimfungulia kesi ikidai dola milioni 3.3. Hoja yao ilikuwa kwamba rekodi alizowaletea si za kibiashara na hazifanani na muziki wake wa nyuma. Mtu anashitakiwa kwa kutofanana na nafsi yake! Na ni kampuni hiyo hiyo iliyomsainisha kwa ahadi kwamba atafanya muziki autakao bila kuingiliwa. Yeye naye akafungua madai ya dola milioni 21, mwishowe wakapatana, na David Geffen mwenyewe akamwomba radhi. Sasa yule aliyeshitaki ameomba radhi, sisi mashabiki ambao hatukuweka hata senti kwenye ule mkataba tumeiokota hati ya mashitaka jalalani, tunaisoma kwa sauti na kuiita maoni yetu.

Halafu hiyo habari ya "mzee". Trans inatoka Neil Young ana miaka 37. Wengi mnaomwita mzee kwa albamu ile mmeshampita umri aliokuwa nao siku hiyo.

Mnasema alifuata fasheni ya vinanda vya umeme. Haya, tuisikilize kwanza tunayoicheka. Albamu ina nyimbo tisa, sita ndizo zenye ile sauti ya vokoda. Vokoda si kujibana pua, wakuu. Unaimba kwenye maikrofoni, mashine inaigawa sauti yako mafungu mafungu, kuanzia nzito hadi nyembamba, inayachambua, inachukua umbo la maneno peke yake, kisha umbo hilo inakivisha kinanda. Unachosikia ni kinanda kinachotamka. Mdomo ni wako, koo si lako. Kifaa hicho kilibuniwa Bell Labs, Marekani, miaka ya 1930, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kikasaidia kuficha mazungumzo ya simu ya wakubwa yasinaswe na adui. Kraftwerk, kundi la muziki wa mashine la Ujerumani, walikuwa wameshakiimbisha kabla ya Neil Young, na hakuwahi kuficha kwamba aliwasikiliza.

Lakini Kraftwerk walikuwa na sababu zao, yeye alikuwa na yake, na hapo ndipo mnaponikera, maana sababu yenyewe mnaijua. Mwanawe aliyezaliwa 1978 ana mtindio wa ubongo, tena mzito. Haongei, na mwili haumtii. Miaka ile ya kabla ya Trans, Neil na mkewe, marehemu Pegi, walikuwa kwenye programu ya mazoezi ya mtoto iliyokula kutwa nzima, siku saba kwa wiki. Kumkunja, kumkunjua, kumtambaza, kurudia, kurudia tena. Albamu yake Re-ac-tor ya 1981 ilirekodiwa katika saa chache za mchana alizoweza kuchomoka nyumbani, na yale marudio yake yanayowachosha masikio amewahi kusema yalitoka kwenye mazoezi hayo. Kisha ikaja Trans. Maelezo yake aliyoyatoa baadaye yako wazi: humo ndani husikii vizuri maneno yangu, na mimi siyaelewi maneno ya mwanangu.

Zamani zile hakuwaambia watu. Waliozomea 1983 nawasamehe, hawakuwa na pa kujulia. Wale waliokuwa ukumbini Berlin Oktoba 1982, albamu haijatoka bado, wakamwona mtu wa Heart of Gold, ule wimbo mtulivu wa kwenye Harvest, amevaa miwani myeusi na maikrofoni ya kichwani, yeye na mpiga gitaa Nils Lofgren wanazunguka jukwaani wakitoa sauti za mashine, wale nao nawaelewa. Ninyi je? Ninyi mmesoma, mmeangalia mahojiano, mna intaneti mfukoni. Mmejua, mkacheka.

Sasa niseme kwa nini linaniuma mimi.

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, ana mtindio wa ubongo, haongei. Shemeji yangu alinunua kengele ya mlangoni, ile ya betri isiyo na waya, akakibandika kitufe kwa gundi kwenye kimeza cha kiti cha mtoto. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kengele yenyewe ina milio mingi. Tulimpigia mmoja baada ya mwingine, ule uliomchekesha ndio tuliouacha. Basi muulize, "Unataka uji?" Jibu haliji hapo hapo. Bega ndilo linaloanza. Kiwiko kinaondoka, kinaenda kusikotakiwa, kinarudi. Ngumi imefumbwa, kidole gumba kimebanwa ndani yake. Dada yangu ananyamaza na kijiko amekishika hewani, hakiweki mezani asije akamshtua. Sekunde ishirini, thelathini. Kengele inalia. Na bado hujajua kitu, kwa sababu hujui kama imeishia hapo au mkono unajikusanya kwa mara ya pili. Kati ya mlio wa kwanza na huo wa pili, ambao huenda upo, huenda haupo, ndipo familia yetu inapoishi kila siku ya Mungu.

Transformer Man, mmoja wa zile sita za vokoda, nimeusikia miaka mingi nikiuona wimbo mzuri wenye sauti ya ajabu. Siku moja nilikuwa jikoni kwa dada, simu inapiga nyimbo yenyewe, ukaingia. Anaimbiwa mtu anayeongoza mambo yote kwa kubonyeza kitufe. Nilikaa chini. Ile sauti nyembamba inayopanda, maneno yanakaribia kueleweka kisha yanateleza, unasogeza sikio, unapata neno moja, mawili yanakupita. Nilikuwa nimeshaijua hali hiyo. Ilikuwa pale mezani, mbele ya bakuli la uji. Mtoto mwenyewe wimbo ule haumhusu kabisa, yeye mpigie singeli uone miguu inavyoruka. Si wimbo wa mtoto. Ni wa yule anayesubiri.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wale "wastaarabu" wa kundi letu waliojifanya kumtetea kwa kusema sikilizeni ile ya 1993 ya MTV Unplugged, kipindi cha televisheni cha muziki usiotumia vyombo vya umeme, pale aliposhika gitaa kavu, hapo ndipo wimbo unapoonekana mzuri. Ni kweli, ni mzuri. Unathibitisha kwamba chini ya mashine kulikuwa na wimbo, na anayesema Trans haina muziki hapo amekwisha. Lakini ukiisafisha sauti hadi kila neno likasikika, umekiondoa kile kilichomfanya auimbe. Wa 1993 unanieleza kwamba kuna baba anampenda mwanawe. Wa 1982 unaniketisha kwenye kiti cha baba.

Na msiseme nasifia kila kitu kwa sababu ya huruma. Mnataka kuikosoa Trans? Kuna hoja za kutosha za muziki, na hakuna hata mmoja wenu aliyezigusa. Alianza kwa kurekodi albamu nyingine huko Hawaii, ya nyimbo laini, kampuni haikuitaka. Akachukua nyimbo tatu za mkondo ule akazichanganya na sita za vokoda, na ndiyo maana unapata albamu mbili zinazogombania jalada moja. Little Thing Called Love kufungua albamu ile ni kosa kubwa: unakaribishwa nyumba moja, ukiingia ndani ni nyingine. Like an Inca ni wimbo ninaoupenda, dakika zaidi ya tisa, lakini pale mwishoni umekaa kama mgeni aliyekosea harusi. Computer Cowboy wazo lake ni jembamba na ngoma zake zimekauka kama mbao. Hata uchapaji wa jalada ulikwenda ovyo, jina la If You Got Love limechapwa, ukiweka santuri wimbo haumo. Na alitaka zitengenezwe video za kuieleza hadithi, watu wa hospitali wenye sauti za mashine wanamfundisha mtoto kubonyeza kitufe, fedha hazikutoka. Wimbo mmoja tu mngeuchambua hivyo, nisingefungua uzi huu.

Nimrudie kaka wa Harvest, maana huyo ndiye mwenye wafuasi. Kaka, Harvest ya 1972 naipenda kama wewe. Lakini mwenye Harvest ndiye wa kwanza kuikimbia. Ameandika mwenyewe kwamba Heart of Gold ulimweka katikati ya barabara, akaona kunachosha, akaelekea mtaroni. Mwaka uliofuata akatoa Time Fades Away, rekodi ya jukwaani yenye makwaruzo na sauti iliyokwama kooni, kisha Tonight's the Night, ambayo leo wewe mwenyewe umeiweka kwenye fremu ukutani. Wakati ule nayo waliikunjia uso! Ndani ya Trans aliuchukua hata Mr. Soul, wimbo wake wa 1967 enzi za bendi yake ya zamani, Buffalo Springfield, akaupitisha kwenye mashine, kana kwamba anakwambia ni mimi yule yule, sikiliza. Huyo Neil Young unayetulindia wewe hajawahi kuwepo kwa zaidi ya albamu mbili mfululizo.

Na yaliyotoka kwenye vokoda ile hayakuishia kwenye santuri. Mwaka 1986 Pegi akaanzisha na wenzake Bridge School huko California, shule ya watoto wasioweza kusema kwa midomo yao, wanaofundishwa kuwasiliana kwa vifaa. Neil akaichangishia kwa matamasha hadi 2016. Kwa mwanawe akatengeneza vidhibiti vya treni za kuchezea, vyenye kitufe kikubwa ambacho mkono usiotii unaweza kukifikia. Mtu aliyefanya hivyo mnamwambia alichanganyikiwa?

Nimalizie na lile lililonifanya nisilale. Shemeji yangu, yule wa kengele, alikuwemo kwenye kundi. Ndiye aliyeniingiza mimi kwenye muziki huu, kaseti ya kwanza ya Neil Young niliyoishika ilikuwa yake. Juzi alikuwa anasoma, tiki mbili za buluu zilikuwa zinaonekana. Hakuandika neno. Ile sauti ya kujibana pua ilitumwa saa tano kasoro. Saa tano na dakika kumi, vikaragosi vya kucheka vikiwa bado vinatumwa, akaondoka kwenye kundi. Watu wakaendelea kutuma picha. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wewe uliyeirekodi ile sauti, najua unausoma uzi huu. Ifute leo. Kisha mpigie shemeji yangu, namba yake unayo.