Mwananchi apewe dakika tatu za kusema kwenye kikao cha bunge la kaunti, au aendelee kutazama tu?

Mleta mada

Jumatano iliyopita niliingia bunge la kaunti yetu kwa mara ya kwanza maishani. Nilisikia redioni kwamba taarifa ya kamati ya maji itasomwa, na kijijini kwetu kisima cha pampu kimelala tangu kabla ya mvua za vuli. Langoni askari akaniandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na wadi ninayotoka, kisha akaniuliza, "Umetumwa na nani?" Nikamwambia nimetumwa na kiu. Hakucheka.

Kikao cha saa nane na nusu kilianza saa tisa na dakika kumi. Kengele ililia, ikalia tena, madiwani wakitafutwa huko walikokuwa ili akidi itimie. Kisheria inatosha thuluthi moja ya wajumbe, na hiyo thuluthi yenyewe ilipatikana kwa jasho. Siwa, lile rungu la heshima la bunge, ikaingia, tukasimama, dua ikasomwa. Karatasi zikawekwa mezani moja baada ya nyingine, hakuna aliyesema ndani yake mna nini. Kisha mwenyekiti wa kamati akasoma taarifa yake, kwa Kiingereza, kwamba visima vyote vitatu vya wadi yetu vinafanya kazi.

Vinafanya kazi! Asubuhi ile ile nilikuwa nimenunua mtungi wa lita ishirini kwa shilingi thelathini kutoka kwa mwenye mkokoteni. Nami niko pale juu kwenye viti vya wageni, mikono magotini. Diwani wetu mwenyewe hakuwapo. Spika akashukuru, wakaenda kwenye jambo linalofuata. Uongo ule sasa umo ndani ya Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, na mjukuu wangu akija kuusoma ataona babu yake alikuwa na maji tele.

Ibara ya 196 ya Katiba ya Kenya inasema bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe hadharani, na liwashirikishe watu. Naona wenzetu wameelewa kuwa "hadharani" maana yake ni mlango kuachwa wazi. Kule California, Marekani, bodi ya kaunti, ndiyo kama bunge lao la kaunti, hairuhusiwi kufanya kikao cha kawaida bila kumpa mwananchi nafasi ya kusema; sharti hilo limo kwenye sheria yao ya vikao vya wazi iliyotungwa 1953 na kurekebishwa baadaye. Kwa nini sisi tusitenge nusu saa tu mwanzoni mwa kikao, kila mtu dakika tatu? Karibuni. Matusi hapana.

Karani mstaafu wa kamati

Pole kwa maji, ndugu yangu. Ila dawa unayoitaka si ya ugonjwa huu.

Nusu saa ni watu kumi. Nani atawachagua hao kumi? Nimefanya kazi kwenye bunge la kaunti tangu ugatuzi ulipoanza 2013, na nimeona siku za bajeti watu wakishushwa kwa matatu za kukodi, fulana rangi moja, kila mtu ameshakaririshwa la kusema. Ukifungua mlango huo hutaingia wewe mwenye kiu. Watakaoingia ni wenye nauli ya kulipiwa.

La pili, na hili wengi hawalifikirii. Diwani anaposema ndani ya ukumbi ana kinga. Hawezi kushtakiwa kwa maneno yake ya pale. Wewe ukisimama ukasema "mwenyekiti anadanganya", unatoka nje ukiwa na barua ya wakili inakusubiri. Mbele ya kamati mambo ni tofauti, kwa sababu kamati ina uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi kama Mahakama Kuu inavyoita, na shahidi ana hifadhi yake.

Njia yako ni ombi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Liandikwe kwa Kiswahili, hakuna ubaya. Mengi yanarudishwa kwa makosa madogo tu: mwandishi hakusema kama alikwenda kwanza idarani na akajibiwa nini, au hakusema kama jambo liko mahakamani au haliko. Yaandikeni hayo mawili.

Kijana wa boda

Mzee karani shikamoo. Sisi wa stegi yetu tulipeleka ombi kuhusu ada ya maegesho. Tukagongewa muhuri mzuri wa zambarau kwenye nakala yetu. Nakala ninayo hadi leo, nimeiweka ndani ya mfuko wa nailoni isiingie maji. Muhuri una miaka miwili sasa. Ada imeongezwa.

Karani mstaafu wa kamati

Marahaba. Muhuri ni wa ofisi ya karani kupokea tu. Mlifuatilia kama lilisomwa ukumbini na likapewa kamati?

Kijana wa boda

Tungefuatilia vipi na ukumbini hatusemi? Ndiyo mada yenyewe hiyo mzee.

Mkenya wa Long Beach

Naishi kaunti ya Los Angeles, huko huko California, mwaka wa kumi na moja sasa. Acheni niwatoe ndoto kidogo.

Kaunti hii ina watu karibu milioni kumi, na bodi yake ina wajumbe watano. Watano! Kila mmoja anawakilisha watu kama milioni mbili. Novemba 2024 wapiga kura waliamua waongezwe wawe tisa, lakini hilo halijaanza. Kwa hiyo huyo diwani wenu ambaye hamumuoni, jueni kwamba huku ningehitaji bahati ya bahati nasibu kukutana na wangu sokoni.

Ni kweli mwananchi anasema. Nimekwenda mara mbili, kuhusu nyumba za wazee. Unajaza fomu, unaitwa, kipima saa chekundu kinahesabu kurudi nyuma mbele ya macho yako, na wakiwa wengi mwenyekiti anapunguza muda, unabaki na dakika moja. Ukisema jambo lisilo kwenye ajenda ya siku hiyo, sheria hiyo hiyo ya 1953 inawakataza kulijadili au kuliamua hapo. Wanakutazama. Mmoja anakunywa kahawa. "Asante, anayefuata." Tena kuna watu wanaokuja kila Jumanne, wale wale, mmoja aliimba.

Ila kuna mawili ningependa myachukue kabla ya hizo dakika tatu. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla, na kila jambo lielezwe kwa ufupi. Usipobandika, huwezi kuliamua. Na la pili, huku huwezi kulazimishwa kuandika jina lako ili uingie kusikiliza. Wakiweka daftari mlangoni, lazima liseme kwamba kujiandikisha ni hiari. Nilivyosoma habari ya yule askari wako na nambari ya kitambulisho, nikasema hapo ndipo pa kuanzia.

Mama wa maji

Nyote mnajadili dakika. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya maji ya kijiji, nina watoto wanne. Kutoka kwetu hadi makao makuu ya kaunti ni shilingi 400 kwenda na 400 kurudi. Kikao cha saa nane na nusu kikianza saa tisa, mimi matatu ya mwisho imeshaondoka. Hizo dakika tatu ni za watu wa mjini, msinidanganye.

Nikumbushe pia habari ya maoni ya umma. Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bungeni kufikia Aprili 30, na yapitishwe kabla ya Juni 30. Miezi miwili hiyo. Sisi tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa asubuhi, tukapewa kitabu kizito kwa Kiingereza asubuhi hiyo hiyo, vitabu sita kwa watu mia na zaidi, tukaambiwa tutoe maoni kabla ya chakula. Nilifungua ukurasa wa maji. Niliona jina la kijiji chetu limeandikwa vibaya na mbele yake tarakimu. Nikauliza hiyo ni pampu au ni mabomba? Kijana aliyekuja na vitabu akasema atauliza. Tukala pilau, tukasaini karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo baadaye ndiyo ushahidi kwamba tulishirikishwa. Pilau ilikuwa nzuri, sisemi uongo.

Wao ndio waje wadini. Bunge likae chini ya mwembe wetu siku moja kwa mwaka.

Mchangiaji mwingine

Wakija wadini kuna marupurupu ya safari, ya kulala, mahema, vipaza sauti, magari ya msafara. Pesa hizo zingenunua pampu yenyewe na ya akiba.

Jirani wa Tanga

Nachungulia tu kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwetu baraza la madiwani la halmashauri nalo liko wazi, unaingia, unakaa, unanyamaza. Hakuna anayelalamika sana, kwa sababu kusema tunasemea kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanasomwa mbele yenu kwa Kiswahili. Nimeshuhudia mwenyekiti wa kijiji akiulizwa bati kumi na mbili ziko wapi mpaka akaomba maji ya kunywa. Sisemi kila kijiji kinafanya hivyo. Vingine mkutano hauitwi mwaka mzima. Lakini pakiitwa, mwananchi pale ndiye mwenye kikao, hakuna habari ya kumhesabia dakika. Ninyi hamna ngazi hiyo?

Karani mstaafu wa kamati

Sheria ile ile ya 2012 inataja mabaraza ya vijiji na wasimamizi wa vijiji. Swali la kama yameundwa, kila mtu aangalie kwake.

Mama wa maji, hilo la kitabu kwa Kiingereza nakubaliana nawe bila kupinga. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa ibara ya 7. Na msidhani karatasi ya mahudhurio inatosha mahakamani. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Jaji alisema tangazo la mara moja gazetini linaweza lisitoshe, akataja misikiti, makanisa, mabaraza na redio za lugha za nyumbani. Sheria nzima ya ushuru ikaanguka. Siku ile ofisini kwetu hakuna aliyekwenda kunywa chai.

Kijana wa boda

Kumbe! Basi ule ushuru wa stegi nao...

Karani mstaafu wa kamati

Usikimbie mahakamani kabla hujamuona wakili, mwanangu.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Dakika tatu naziondoa mezani. Mkenya wa Long Beach amenivunja nguvu na yule wa kahawa, na Mama wa maji amenikumbusha kwamba mimi nilifika kwa sababu nina pikipiki.

Lakini msinirudishe mpaka mwanzo. Nilichoumia si kunyamaza. Nimenyamaza msikitini na kwenye mahari ya binti yangu, sikufa. Kilichoniuma ni jambo la uongo kuhusu kijiji changu kuingia kwenye kumbukumbu nami naliona likiingia, na hakuna mlango wa kulisahihisha. Ombi ni la kuomba kitu. Mimi siombi kitu, nataka kusema "hapana, si hivyo".

Kwa hiyo nashikilia haya. Taarifa yoyote inayotaja wadi fulani ibandikwe kwenye ofisi ya wadi hiyo siku tatu kabla ya kusomwa, kwa Kiswahili, kama hizo saa 72 za wenzetu. Pili, mkazi akiwa na ushahidi kwamba si kweli, aandike ukurasa mmoja, karani aupokee, na uambatanishwe na Hansadi ya kikao hicho, hata kama hakuna diwani anayeutaka. Hausomwi kwa sauti wala haumpotezei mtu muda wake. Mzee karani, hapo kinga inanigusa wapi?

Karani mstaafu wa kamati

Itabidi kanuni za kudumu za bunge zibadilishwe, na watakaozibadilisha ni hao hao. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Lakini pia siwezi kukuambia kuna kinachokikataza. Maneno yako yawe ya tarehe na vipimo, usimwite mtu mwongo. Kwa sasa yaweke ndani ya ombi, uone.

Mama wa maji

Kila kisima chenye kamati kina daftari la pampu. Saa ya kuwasha, saa ya kuzima, mitungi mingapi, jina la aliyewasha. Tafuteni lenu. Daftari halibishaniwi.

Mleta mada

Nimelipata jana kwa mlinzi wa zamani, lilikuwa limeegemeza mguu wa kitanda. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una mistari minne, kisha mwandiko wa fundi: "Imezima saa 3 asubuhi. Nimepiga simu ofisini." Chini yake kurasa tupu hadi jalada. Nimezipiga picha zote, na hizo tupu pia. Sahihi tunazo 41. Kuna mtu wa upande wetu anayeshuka mjini Jumatatu? Pikipiki yangu imeingia gereji.