Mrejesho: shanga za alginati kusambaratika kwenye pH 7.4

Wakuu, niliuliza kwa nini shanga za alginati (vidonge vidogo vya jeli ya mwani) zilizobeba dawa zinatulia kwenye asidi ya pH 1.2, halafu zinavimba na kusambaratika kwenye bafa (myeyusho unaotunza pH) ya fosfeti ya pH 7.4. Asanteni mliojibu.

Makundi ya kaboksili ya alginati yana pKa (pH ambayo nusu yake yameachia protoni) kati ya 3.4 na 3.7. Chini ya hapo yanashika protoni, chaji inaisha, minyororo ya molekuli inakaribiana na shanga inasinyaa. Juu yake chaji hasi zinasukumana, maji yanaingia. Lakini mchawi hasa ni fosfeti: inanyang'anya kalsiamu inayofunga minyororo. Kwenye bafa ya Trisi (isiyo na fosfeti) ya pH ileile, bila chumvi ya ziada, shanga inavimba ila inadumu zaidi. Kwa hiyo jaribuni bafa zote mbili kabla ya kuilaumu pH.

Vipimo: alginati ya sodiamu gramu 2 kwa mililita 100 za maji, idondoshwe kwenye kloridi ya kalsiamu ya kiwango hichohicho, iache dakika 30, suuza. Unga wa alginati unyunyizwe kidogokidogo maji yakizunguka. Ukimwagwa wote, mabonge yake hayafunguki. Shanga zikitoka na mkia kama kiluwiluwi, angalia kimo cha sindano na uzito (unene) wa uji wa alginati.

Aliyependekeza mwani unaolimwa huku Tanga: huo unatoa karajinani, jeli nyingine ya mwani. Salfeti zake hubaki na chaji hata kwenye asidi, hivyo karajinani haisinyai kwa pH kama alginati. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia.